Mama Alikuwa Pembeni mwa Picha

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mjukuu wangu, ni Ijumaa baada ya Alasiri, huku Manah, Omani, nilipomwambia bibi yangu mbele ya ukumbi mzima wa watu kuwa ameota. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mshahara wa fundi umeme Nizwa, nina bisibisi mfukoni, na nilijiona hakuna kitu chenye waya kinachoweza kunishinda.

Nimeyakumbuka hayo jana, ulipokuwa ukibonyeza rimoti ili uondoe ile mistari myeusi juu na chini ya filamu yako. Ulisema, "Babu, inaudhi, kioo kikubwa hivi halafu picha nyembamba." La kusema nilikuwa nalo, ila lilinikwama. Leo nalitoa, nawe univumilie, maana mambo yenyewe mpaka leo hayajanikaa sawa kichwani.

Bibi Zuwena, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Mama alifariki kwa homa Unguja nikiwa sijatimiza miaka miwili. Alikuwa na picha mbili tu, nazo zilibaki ukutani tulipoondoka kuja huku Omani. Kwa hivyo nimekua simjui mama yangu kwa uso. Nilikuwa nikimuuliza Bibi, "Alifanana na nani?" naye hunijibu, "Na yeye mwenyewe." Jawabu hilo lilikuwa likinitia hasira, lakini mtu utamwambia nini bibi yako?

Hata hivyo Bibi alikuwa na hadithi moja. Kabla mama hajaugua, walikuja wageni mjini na mitambo yao, wakapiga sinema katika njia ya sokoni. Mama alikuwa akipita zake, kanibeba, akaingia ndani ya picha bila ya kuombwa wala kukatazwa. Baadaye filamu ile ikaletwa Unguja, na Bibi akaenda kuitazama na majirani zake siku ya wanawake peke yao. "Nilimwona kama ninavyokuona wewe," alikuwa akisema. "Kushoto kabisa, ukishampita muuza kahawa. Kakuweka ubavuni, nawe unalia." Hadithi hiyo nililala nayo utoto wangu wote.

Sasa ikaja miaka ya video. Kila nyumba iliyopata nafasi ilinunua mashine, na Nizwa pakafunguliwa duka la kukodisha mikanda. Siku moja nilikuwa napekua rafu, mara nikaona jina la filamu ile, jina ambalo mjomba wangu Said alikuwa akilitaja kila tukizungumza habari za Unguja. Nikauchukua mkanda, nikakimbia nao Manah.

Habari zilienea. Ijumaa hiyo ukumbi wa mjomba Said ulijaa, hata jirani zetu wasiojua neno la Kiswahili walikuja wamwone mama yangu. Bibi aliwekwa mbele kabisa. Alivaa leso mpya, katia wanja, na miwani aliiosha kwa sabuni mara mbili. Mimi nikatia mkanda, nikabonyeza.

Majina yakaanza kupita. Picha ilikuwa nyembamba, imekaa katikati ya kioo, juu weusi, chini weusi. Nilichanganyikiwa. Televisheni ile niliichagua mimi, na jana yake ilikuwa nzima. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi ndiye fundi wa ukoo, uso wangu ndio uliokuwa ukiangaliwa. Nikaruka, nikaivuta televisheni kutoka ukutani, nikafungua mgongo wake, nikasimama hapo kati yake na watu, nimeiinamia kwa juu, mkono nyuma yake nikitafuta parafujo ya urefu wa picha.

"Sogea, baba," Bibi akasema. "Sogea kidogo."

"Ngoja, Bibi, naitengeneza."

"Wallahi sogea tu, mie naona hivyo hivyo."

Sikusogea. Nikazungusha parafujo, nikazungusha tena, na ghafla picha ikajaa kioo kizima, juu mpaka chini. Ukumbi ukapiga makofi. Watu walionekana warefu kidogo, shingo kama za korongo, lakini nani alikuwa na habari hiyo? Nilirudi kukaa nimevimba kichwa.

Njia ya sokoni, iliyokuwa imeanza wakati wa majina mimi nimeikinga, ikaendelea. Muuza kahawa akaonekana, lakini nusu yake tu: mkono mmoja, bega moja, na baada ya bega hilo mbao za sanduku la televisheni. Bibi aliinuka akakaribia kioo mpaka pua ikakigusa. "Hapo, hapo! Baada ya huyu!" Baada ya huyu hapakuwa na mtu. Nikarudisha nyuma, tukatazama tena. Nikarudisha mara nne. Muuza kahawa yupo, mama hayupo.

"Rejesha mwanzo kabisa," Bibi akasema, "pale penye majina."

"Pale mkanda ni mbovu, Bibi. Utaharibu kichwa cha mashine."

Mtu mmoja nyuma akacheka, mwengine akasema ndiyo uzee huo. Na mimi, mwanangu, niliyengoja miaka ishirini kumwona mama, nikaona haya kulia mbele za watu. Badala ya kulia nikasema. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Bibi, hukumwona. Umeota. Picha haisemi uongo."

Bibi alivua miwani, akaifunga katika pindo la leso. Akasema, "Huenda." Kisha akauliza nani hajapata chai. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi ile, na mimi sikuthubutu kumwomba.

Ikapita wiki. Televisheni nilikuwa nimeiharibu kwelikweli. Wasomaji wa habari walirefuka nyuso, na kila nikiirudisha parafujo picha inaanza kuruka. Mjomba Said akachoka, akanambia niipeleke Firq, karibu na Nizwa, kwa Mzee Rashidi, fundi wa televisheni. Huyu alikuwa Mwomani mwenzetu aliyezaliwa Bujumbura, na huko alifanya kazi miaka mingi chumba cha juu cha sinema, yeye ndiye mzungushaji wa filamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari keshainamia mgongo wa televisheni.

"Nani kaigusa hii?"

"Mimi, Mzee. Picha ilikuwa nyembamba, ina weusi juu na chini. Nilipokaza hapa, ikajaa."

"Ilikuwa nyembamba wakati majina yanapita?"

"Ndiyo."

"Na majina yalipokwisha, ikajaa?"

Nikafikiri. "Ndiyo."

"Basi ilijaa yenyewe, kijana. Hata ungekuwa unakunywa chai ingejaa."

Sikuelewa, nikamwambia sielewi. Akanieleza taratibu. Filamu za namna ile, akasema, zilipigwa pana sana. Kule Bujumbura kulikuwa na mapazia kushoto na kulia, na ikija filamu kama hiyo anabadilisha lensi na kuyafungua mapazia mpaka mwisho wa ukuta. Sasa kioo cha nyumbani hakina pazia la kufungua, nacho ni kifupi kwa upana. Wenye kutengeneza mikanda hawataki kukata majina ya watu, basi mwanzo wanaitia picha yote, ndiyo maana inakuwa nyembamba. Majina yakisha wanaikuza ijaze kioo, na vya pembeni vinaanguka nje.

"Weusi ule si ubovu," akasema. "Wakati wa weusi ndipo ulipokuwa ukionyeshwa picha nzima."

Bado nilikuwa nimekodoa macho. Ukutani alikuwa na picha ndefu ya ukoo wao, ndugu tisa wamejipanga mbele ya duka lao kule Burundi. Akaweka kiganja huku na kiganja huku. Wakabaki watatu wa katikati.

"Haya, hawa sita nimewaota?"

Neno hilo lilinipiga mahali pake, naye hakujua. Nikamsimulia habari yote ya Bibi, sikuacha kitu. Mzee Rashidi akaweka chini chuma cha kuchomea.

"Ukamwambia mama mtu mzima kaota? Ukachukua ushahidi wa sanduku, ukaacha wa macho yake?"

Akakishika tena chuma chake.

"Nakutengenezea sasa hivi, uende. Na ukifika usishike kitu. Kaa chini utazame kama watu."

Nilipitia dukani Nizwa, nikamshukuru Mungu mkanda ulikuwepo. Nilipofika Manah Bibi alikuwa peke yake, anachagua mchele. Nikamwambia, "Bibi, njoo tumtazame mama."

Hakuinua kichwa. "Sina haja, baba. Huenda niliota kweli. Nimefikiri sana, na sasa hata mie sijui tena."

Mwanangu, nimetukanwa maishani mwangu, nimefukuzwa kazi, na hakuna lililoniuma kama maneno hayo. Nilikuwa nimemnyang'anya binti yake mara ya pili. Nikalia, safari hii sikuona haya, nikamshika mkono mpaka akainuka.

Nikatia mkanda, nikaurudisha mwanzo kabisa, nikakaa chini mikono mapajani. Weusi juu, weusi chini. Picha ndogo, majina yanapita. Njia ya sokoni. Muuza kahawa mzima, na mikono yake yote miwili. Na kushoto kwake, pembeni kabisa, mwanamke mwenye buibui, uso wazi, anacheka na mtu asiyeonekana, na ubavuni mwake mtoto analia mdomo wazi. Herufi za jina la mtu zikapita juu ya kifua chake. Kisha hayupo.

Nikarudisha. Nikasimamisha, mashine ikatetemesha michirizi juu ya uso wake. Nilitazama mpaka macho yakauma, na mpaka leo sina hakika kama uso ninaoukumbuka ni wa kwenye kioo au ni wa maneno ya Bibi. Nilipogeuka, Bibi hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akinitazama mimi.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Bibi."

"Haya," akasema, akaifungua miwani kutoka pindo la leso na kuivaa. "Sasa waite waliocheka."

Nikawaita, wale wale, katika ukumbi ule ule, na mbele yao nikamwomba radhi Bibi kwa sauti ile ile niliyomvunjia heshima. Hadithi yake ikarudi kinywani mwake, na akaisimulia mpaka alipofariki, kila mara akiongeza kuwa mjukuu wake alikuwa kizuizi.

Sijui bado, mwanangu, kwa nini watu waliona bora kioo kijae kuliko mama wa mtu aonekane. Hilo wataulizwa wenyewe. Wewe ninalokutaka ni jingine. Mzee akikwambia jambo usiloliona, kwanza jiulize kama kioo chako kinatosha. Usione haya ya kutojua, maana haya ile ndiyo iliyonisimamisha mbele ya mama yangu na bisibisi mkononi. Ukiambiwa sogea, sogea. Na ukimwumiza mtu hadharani, usimtake radhi chumbani.

Mungu akufungulie mapazia mpaka mwisho wa ukuta. Akupe subira ya kutazama picha ndogo iliyo kamili. Na siku nitakapokuwa nimeangukia nje ya kioo, nawe unawasimulia wanao habari zangu, akuepushe na mtu wa kukwambia kwamba sikuwepo. Amin.