Fundi Baltazari na Transfoma Iliyochagua Mkono

Baltazari wa Kamunyonge huongea na mashine kwa upole kuliko wanaume wengi wanavyoongea na wake zao. Akiingia kibanda cha jenereta kule kisiwani Rukuba hugonga bati la mlango, husema, "Hodi, mama," ndipo aguse kitu. Mafundi wenye vyeti humcheka. Na wacheke. Wao walikuja kisiwani mara moja, wakala sato, wakapiga picha, wakarudi mjini.

Mwaka jana ushirika wa wavuvi ulinunua transfoma ya kukuza umeme wa jenereta, ufike mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, kwenye mtambo mpya wa barafu, kilometa mbili. Baltazari akaiwasha. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ikaruka: pa! Akarudia: pa! Bernado, mwenyekiti wa ushirika, akasema, "Hebu nipishe." Akasukuma yeye, ikashika. Kesho yake vilevile: ikamkataa fundi, ikamkubali mwenyekiti.

Maneno yakaanza. Kisiwani wanajua kuna mkono wa kuanzia kupanda mtama, na kuna mkono usiotakiwa hata kugusa mbegu. "Fundi ana mkono mzito," wakasema. Bernado, mtu ambaye hajawahi kukataa sifa isiyo yake, akatangaza kwamba Jumamosi, siku ya kufungua mtambo, atawasha yeye, na Jumatatu Baltazari apande boti arudi kwao.

Miaka sita alikuwa amewatunzia jenereta hiyo. Aliyemtetea ni Dafroza peke yake, muuza sangara.

"Na wewe unanyamazaga tu, kaka?"

"Sijanyamaza, dada. Nahesabu."

Alihesabu kwa mkaa ukutani. Transfoma ile ikibeba mzigo wake wote hula ampea sabini na mbili. Lakini ikiamshwa ghafla, kwa kufumba na kufumbua, inaweza kugugumia mara kumi ya hapo, mia saba na ishirini. Breka huruka kwenye mia tano.

"Umeme unapanda na kushuka kama wimbi," akamweleza. "Ukiwasha wimbi likiwa pabaya, chuma cha ndani kinavimbiwa, kinavuta mia saba. Likiwa pazuri, kinavuta kidogo tu. Bernado amebahatika mara mbili, basi."

"Si tuweke breka kubwa?"

"Siku waya ukigusa maji isikate, nani atakufa kwanza? Wewe na sangara wako."

Alikwenda kumwomba Bernado azime jenereta kwanza, aunganishe transfoma ikiwa kimya. "Nizime umeme mbele ya wageni?" Bernado akafoka. "Nenda kafunge mizigo yako."

Jumamosi Bernado alivaa suti. Mchungaji akaomba. Bernado akasukuma: pa! Tena: pa! Mara ya tatu: pa!

"Mwenyekiti, leo mkono umeusahau nyumbani?" mwanamke mmoja akapaza sauti, na kicheko kikatapakaa. Jasho likamtoka Bernado hadi kwenye kola.

Baltazari hakucheka. Alisogea, akazima jenereta. Redio zikanyamaza kijiji kizima, watu wakaguna. Akasukuma breka wakati umeme haupo, ikashika, ndipo akawasha injini. Umeme ukakua pamoja na injini, polepole, mshale wa kipimo ukipanda hatua kwa hatua, na transfoma ikainuka kama ng'ombe anavyoinuka, nyuma kwanza, bila haraka. Ikaanza kuvuma. Breka haikuruka.

Simu ikaja kutoka mwaloni: mtambo unanguruma.

Bernado hakuomba radhi. Wanaume wa namna ile hawaombagi. Jumapili baada ya ibada alimfuata Baltazari, akakohoa, akatazama ziwa.

"Fundi, lile boti la kesho halina nafasi."

"Limejaa nini?"

"Barafu," akasema Bernado, akaenda zake.