Gari Lisilotaka Maji

Viti vya gari la baba vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi, na jua la Mtwara likivipiga mchana kutwa, ndani kulinuka nazi kuukuu na petroli. Msimu ule wa korosho, nikiwa darasa la nne, nilishinda humo peke yangu. Tulikuwa wageni Magomeni, mtaa wa Mtwara mjini; baba alikuwa amehamishiwa bandarini, na mimi sikujua hata watu huombaje kucheza na wenzao. Jioni baba alinisimulia habari za Fokswageni yetu ya mgongo wa kobe: kwamba magari yale yalibuniwa Ujerumani ili familia ya kawaida nayo imiliki gari, kwamba injini imekaa nyuma na inapozwa na upepo, kwa hiyo halina rejeta na halitaki maji kamwe. Mbele ni buti tu, na tangi la petroli.

Jumamosi moja Zuhura, binti wa jirani, alikuja na wenzake wawili wakaniambia nifungue boneti. Nikafungua.

“Weee! Injini yenu imeibiwa!” Zuhura alicheka hadi akakaa chini.

“Iko nyuma,” nikasema, nikawaonyesha. Walishangaa kweli. Wakaniuliza maswali, nikajibu yote. Sikuwahi kuongea vile. Tukaliosha gari pamoja, tukirushiana povu. Kisha Zuhura akaona kifuniko cha tangi kule mbele.

“Shosti, hujalitia maji? Litachemka hili!”

Nilijua lile ni tangi la petroli. Lakini alikuwa ameniita shosti, na niliogopa nikimkatalia wataondoka. Nikafungua kifuniko mwenyewe, naye akamimina kopo zima.

Asubuhi gari lilikohoa, likazima. Baba akachungulia, akanusa, akanigeukia. “Mwanangu, nani kaweka maji humu?”

“Zuhura.”

Baba akaenda kwa jirani kushtaki. Mama yake alimchapa uani kwao, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nikisikia kila fimbo.

Sasa niko kidato cha tatu. Tangi lilisafishwa wiki ileile na gari linatembea hadi leo. Nikikutana na Zuhura mtaani Chikongola, ananiambia “Mambo,” najibu “Poa,” anapita na wenzake. Baba huniuliza mbona siendi kwa kina Zuhura. “Yule mtoto ameacha utundu siku hizi,” husema. Namjibu nina masomo mengi, naye ananiamini.