Mwaka Ambao Kila Mtu Alikula Peke Yake

Kaniki mpya ina harufu yake, kali na chungu kidogo, kama majani mabichi yaliyochemshwa yakaachwa yapoe chunguni. Ukiivaa na kutoka jasho, rangi inakuingia shingoni na mabegani, na harufu inakaa mwilini hata baada ya kuoga. Mama alinuka hivyo miezi yote ya eda yake, na mimi niliyekuwa nikilala nimeegemea mgongo wake niliamka na weusi shavuni. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Kwetu Kwaluguru wakati huo hakuna aliyeandika siku ya mtoto kuzaliwa. Wadachi walikuwa wamekwisha jenga boma Handeni, na akida wao alikuwa akipita vijijini kuchukua wanaume wa kwenda kufanya kazi ya njia ya gari moshi. Nyumbani tulikuwa watu wachache: bibi mzaa baba, mama, kaka yangu Bakari aliyekuwa ameanza kuota ndevu, na mimi. Wa tano na wa sita walikuwa baba yangu, Mhina, na mdogo wake Saidi. Hao wawili akida aliwachukua siku ileile moja.

Reli ilikuwa imekwisha fika Korogwe, na sasa ilikuwa inasukumwa kuelekea Mombo, chini ya milima ya Usambara. Baba na mdogo wake walikaa huko kuanzia kupanda mtama hadi tulipokuwa tunaufukuzia ndege. Siku moja asubuhi nilikuwa juu ya kichanja shambani na kombeo langu, nikamwona mtu anakuja peke yake kwa njia ya mtoni, amekonda, anachechemea. Alikuwa baba mdogo Saidi. Amevaa kanzu ya baba, na mkononi ameshika shoka la baba. Alikaa chini kizingitini kwa bibi, akasema kaka yake alipata homa, akafa, akamzika mwenyewe ng'ambo ya mto. Akasema hayo tu. Bibi alijifunika uso, mama akaanguka, majirani wakaja, na katika kelele za kilio hakuna aliyemwuliza zaidi.

Eda ilipokwisha, wazee wa ukoo walikaa, wakaamua mjane arithiwe na mdogo wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi. Mama hakukubali wala hakukataa. Alitazama mikono yake mpaka walipomaliza kuzungumza. Baba mdogo akahamia nyumba kubwa. Lazima niseme kweli, hakututendea ubaya. Alilima kuliko mtu yeyote pale kwetu, kana kwamba jembe lilikuwa linamwadhibu, na jioni alinichongea wanasesere wa mti wa mninga, akinifundisha kuwavalisha majani. Lakini hakuweza kumtazama mtu machoni. Bakari aliliona hilo kabla yetu sote. Kwanza aliacha kumwita baba. Kisha akaacha kumwamkia. Asubuhi alipita mbele yake kimya, na baba mdogo, ambaye tayari alikuwa amefungua kinywa aitikie marahaba, alikifunga tena.

Mambo yaliharibika alipopita mchuuzi wa tumbaku kutoka Manundu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, alipumzika kwetu, akapewa maji, na aliposikia jina la baba akasema aliwahi kuwaona ndugu hao wawili kambini. Alisema siku hiyo walikuwa wamekamatana chini kama maadui, mdogo amemkalia mkubwa kifuani, amembana mikono. Baba mdogo alikuwa shambani. Mchuuzi alifunga mzigo wake akaenda zake, wala nadhani hakujua ameacha nini nyuma.

Tangu siku ile Bakari hakugusa chakula kilichopita karibu na mkono wa baba mdogo. Alijipikia viazi vyake nyuma ya zizi la mbuzi. Baba mdogo alipoona hivyo naye akaogopa, akawa anakula tu alichochota yeye mwenyewe chunguni, na kabla ya hapo anamsubiri mama atie tonge la kwanza mdomoni. Mama akiona anangojewa hivyo, alilirudisha tonge chunguni. Akaacha kula na watu. Bibi alikula ndani kwake mlango umeegeshwa. Mimi nilizunguka kutoka chungu kimoja hadi kingine kama paka, nikila kwa kila mmoja, na kila mmoja alinitazama nikitafuna ili ajue mwenzake amepika nini. Chumvi ilipotea, mama akamdhania bibi. Mbuzi alikufa, bibi akamdhania mama. Nyumba yetu, ambayo zamani kicheko chake kilisikika hadi kisimani, ikawa na sauti ya vijiko vya mbao tu, kila kimoja mahali pake.

Bakari alikwenda Korogwe kwa miguu kutafuta watu waliofanya kazi na baba. Alirudi baada ya siku nyingi, midomo imepasuka kwa jua. Hakupata shahidi. Alichopata ni mtu aliyemwambia kwamba baba alikufa wakati baba mdogo hayupo kazini, na kwamba hakuna aliyejua alikuwa wapi. Kwake hilo lilitosha. Akanichukua hadi nyuma ya zizi, akachuchumaa ili tulingane.

"Wewe anakupenda," akaniambia. "Mbele yako hajifichi. Ukisikia neno lolote kuhusu baba, uniletee."

"Neno gani?"

"Lolote. Mimi ndiye kaka yako. Huyo si baba yako."

Nilijivuna kwamba nimepewa kazi ya watu wazima. Nikaanza kumfuata baba mdogo kila mahali, naye akadhani ni mapenzi.

Ilikuwa mchana, mtama umekwisha vunwa. Bibi alinipa karanga nibangue kibarazani, upande wa nyuma ya nyumba yake, na udongo wa ukuta pale ulikuwa umebanduka, fito zikabaki wazi. Baba mdogo aliingia kwa bibi bila kupiga hodi. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mwanamume mzima anayelia.

"Mama," akasema, "nimechoka kuubeba mzigo huu. Mimi ndiye niliyemuua kaka."

Karanga zilimwagika. Sikungoja. Nilikimbia hadi shambani, ambako Bakari alikuwa anakata mabua, na nikamwambia neno kwa neno kama nilivyolisikia. Hakuniuliza kitu. Aliniwekea mkono kichwani, kama mtu anayemshukuru mtoto kwa kuleta maji, akaondoka na panga alilokuwa nalo.

Nilimfuata kwa mbali. Baba mdogo alikuwa ametoka kwa bibi na ameshika njia ya kisimani, uso umevimba kwa machozi. Walikutana penye miti ya mibono. Alimwona Bakari, akaliona panga, akasimama.

"Umekwisha ambiwa?" akauliza.

"Nimeambiwa," Bakari akasema.

"Yote?"

"Yote."

Baba mdogo akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akainamisha kichwa. Hakukimbia, hakuinua mkono. Yaliyofuata niliyaona, na sitayaeleza.

Bibi ndiye aliyetueleza mengine, siku hiyohiyo, akiwa amekaa chini karibu na maiti wa mwanawe wa pili. Alisema kwa sauti kavu, bila machozi. Baba alishikwa na homa na kuhara damu. Homa ikampanda kichwani, akataka kujitupa mtoni, na mdogo wake akamkalia kifuani kumzuia. Kisha watu wa kambi walianza kufa, wawili, watatu kwa siku, na Saidi akaogopa. Akamwacha kaka yake hai katika kibanda, anamwita kwa jina, anaomba maji, akatoroka. Alitembea kutwa nzima, aibu ikamshinda, akarudi kesho yake. Alimkuta amekwisha kufa, kibuyu kitupu kando yake. Akamzika, akachukua kanzu na shoka. Hayo ndiyo aliyoyaita kumuua. Bakari hakuwepo wakati bibi anasema. Askari wa akida walikuwa wamekwisha mfunga kamba, wamempeleka bomani.

Baadaye alihamishiwa Korogwe apelekwe pwani. Mama na mimi tulitembea siku mbili, tukamkuta stesheni, amefungwa mnyororo pamoja na wengine. Askari walimzuia mama. Mimi waliniruhusu nimfikishie kibuyu cha uji kwa kuwa ni mtoto. Bakari alikunywa, akafuta mdomo kwa bega, akaniinamia.

"Siku ile," akaniuliza, "ulisikia vizuri?"

Nilikuwa nimekwisha jua yote. Nilitazama mnyororo, nikatazama miguu yake iliyovimba.

"Nilisikia vizuri," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, na uso wake ukatulia. Gari moshi likaondoka naye. Baadhi ya watu walisema alinyongwa, wengine walisema alikufa gerezani. Sisi hatukuletewa habari. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara kwa mara alijiuliza mbele yangu ni nani aliyempelekea mwanawe maneno yale. Niliendelea na kazi yangu, nikiwa nimeinama. Alizikwa bila kujua.

Sasa nimezeeka kuliko bibi alivyokuwa wakati ule. Njia tuliyoitembea kwa siku mbili, basi linaimaliza kabla ya jua kuwa kali, na mgonjwa wa kuhara anapata dawa hapohapo Handeni. Wajukuu zangu wanagombana sana. Juzi wawili walishtakiana barazani kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakatoleana maneno mazito mbele ya watu, nami nikakaa nikiwasikiliza. Jirani akaniambia ni aibu ndugu kuanikana hivyo hadharani, na kwamba zamani sisi tulikuwa na staha. Nilikuwa nawakumbuka watu wa nyumba yetu. Tulikuwa wanne, tukaishi na baba mdogo kiambo kimoja mwaka mzima, tukimchungulia mikono, tukinusa alichopika, tukimtumia mtoto amsikilize. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyekaa mbele yake na kumwuliza kaka yake alikufaje.