Mtoto wa Kilo Mbili

Mume wangu Ambrose alipohamia Kawangware alibeba godoro, redio, na msumari uliokuwa unashikilia kalenda ukutani. Alisema ameupigilia mwenyewe, hawezi kumwachia mwanamke asiyezaa wavulana. Nilimzalia wasichana wawili, Immaculate na mdogo wake, na wote sasa wako kwa waume zao. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kutozaa.

Alihamia kwa Christine. Huyo Christine nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Alikuja kwangu hapa kijiji cha Raila, Kibera, akiwa hajui hata kushika shingo ya mtoto mchanga. Nikamwonyesha jinsi ya kumkanda mama aliyejifungua, kumfunga tumbo kwa leso, kumpikia uji wa wimbi. Alipomaliza masomo akachukua cheti. Cheti chenyewe kilikuwa Ambrose.

Kazi yangu ni ukunga. Siku hizi sizalishi mtu nyumbani. Uchungu ukianza nampeleka mama kliniki, nakaa naye, namsugua mgongo, namtukania mume ikibidi. Akirudi nyumbani na mtoto ndipo kazi kubwa inaanza. Shule sikuenda, lakini hakuna mama wa Raila wala Soweto West aliyewahi kuniuliza nilisomea wapi.

Halafu wakaacha kuja. Mwezi mmoja, mwezi wa pili, kimya. Nikaanza kuogopa, kwa sababu nikikosa kazi Nairobi, pa kwenda ni Kakamega tu, kwa mama yake Ambrose. Mama huyo aliniita mchawi siku ya harusi yangu, kwa kipaza sauti. Nilijiona nikimlimia shamba huku akinihesabia makosa kutoka kwenye kiti chake, hadi mmoja wetu afe. Na yeye ana afya nzuri.

Jirani yangu Trizah, msusi, ndiye aliyenieleza wateja wameenda wapi. Alinionyesha simu yake. Christine alikuwa humo, amepaka rangi ya midomo, anazungumza kama mtangazaji. "Mikono ya Christine," Trizah akanisomea. "Mkunga bingwa wa Kawangware na Nairobi yote."

"Ile ni leso yangu amevaa," nikasema.

"Mathe, achana na leso. Angalia watu wanaomfuata. Wamama hawaulizi jirani tena, wanauliza simu. Wewe huko hauko, kwa hivyo hauko."

"Mimi niko hapa. Nimekaa hapa."

"Hapa si mahali, Mathe."

Tukafungua ukurasa wangu, tukaweka na namba yangu ya simu. Trizah akasema bila mtoto mchanga kwenye video hakuna mtu atatazama. Tukatafuta mtoto. Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu kwetu uso wa mtoto ambaye hata kitovu hakijakauka hauonyeshwi ovyo. Kuna watu wana jicho baya. Mtu akimwangalia mtoto na jicho kama hilo, mtoto analia siku nzima na maziwa anakataa. Na kwenye simu wanaangalia watu wangapi? Kila mama tuliyemwomba alivuta shuka. Mmoja wa Kisumu Ndogo alinifukuza na mwiko wenye dagaa wa omena.

"Christine anawatoa wapi?" nikauliza.

"Wa Christine ni mdoli," Trizah akasema. "Ukiangalia vizuri haupepesi macho."

Mdoli sikuwa nao. Nilikuwa na pakiti ya unga wa mahindi, kilo mbili. Nikaifunga kwenye shali la mtoto, nikaivalisha kofia ya sufu ya Immaculate ya utotoni. Ilikaa vizuri mno. Nilijikuta nimeshikilia shingo.

Mama wa kukandwa pia hatukuwa naye, kwa hiyo nikawa mama mwenyewe. Nikajifunga leso tumboni na kitambaa kichwani, nikakaa kitandani nimechoka, na kuchoka sikuigiza. Nikanywa uji. Nikamweka unga begani nikamcheulisha. Na nilisema wazi, kwa sauti: "Akina mama, huu ni mfano tu, hapa hakuna mtoto." Trizah akaona sauti yangu ni kali, itafukuza watu. Akaifuta sauti yote, akaweka wimbo wa kanisa wa kushukuru, akaiposti.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, nikasikia kuimba nje. Nikachungulia. Kwaya ya akina mama wa Kisumu Ndogo ilikuwa imejaa kwenye kichochoro, na mbele yao Aluoch, kiongozi wao, mwenye kifua cha kutosha watu watatu. Walikuwa na sukari, sabuni za kufulia, majani chai na kifurushi cha omena.

"Mama Imma!" Aluoch akapiga kelele. "Mungu wa Sara ni yule yule!"

"Sara gani?"

"Wa Biblia! Alizaa na mvi, na wewe umezaa na mvi! Tumeona kwa simu. Kumbe ulikuwa unaficha chini ya hizo sweta?"

Nilitaka kusema ukweli. Lakini walikuwa wameshaingia, wanane ndani ya chumba cha watu wawili, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha. Nimepita miaka hamsini. Tangu Ambrose aondoke hakuna aliyewahi kuniletea hata kiberiti. Nikaangalia ile sukari, nikasema, "Analala."

"Mwache alale," Aluoch akasema, akambeba. Akampima kwa mikono, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kilo mbili kamili. Na ametulia! Wangu walikuwa wanapiga mateke."

"Huyu ni mpole," nikasema.

"Ni kijana?"

Trizah alikuwa amesimama mlangoni, ngumi mdomoni, machozi ya kicheko yanamtoka. Sijui shetani gani alinishika. Nikasema, "Ni kijana."

Wakapiga vigelegele. Wakamwombea unga wangu awe mchungaji au mhasibu.

Maombi hayajaisha, mlango ukajaa tena. Ambrose. Amevaa koti lake la mazishi, na chini ya kwapa ana jogoo mzima, anapepesa macho.

"Nimesikia mwanangu amezaliwa," akasema.

"Wako?" nikauliza. "Baba Imma, wewe umeenda miaka mitatu."

"Ng'ombe zangu ziliingia kwa baba yako. Mtoto yeyote atakayetoka kwako ni wangu. Uliza mtu yeyote wa Kakamega."

"Ng'ombe mmoja alikuwa kipofu, Ambrose."

"Alikuwa na maziwa! Nimeleta jogoo wa jina. Kijana ataitwa Shivachi, kama marehemu baba."

Kina mama wa kwaya walisogea karibu. Hii ilikuwa tamu kuliko mahubiri. Nyuma ya Ambrose nikaona mkono umeinua simu, na nyuma ya simu, Christine. Alikuwa amepaka ile rangi ya midomo.

"Niko laivu, wapendwa," akawa anaiambia simu. "Tuko Kibera, tunataka kuona kama huyu bibi kweli amezaa. Mjue ukweli, nyinyi mnaotaka kumpigia aje kwenu. Auntie, fungua shali tuone uso."

Watu walikuwa wanatazama, na kati yao walikuwa akina mama walewale niliokuwa nawatafuta. Shali likifunguka mimi ni mwongo mbele ya Nairobi nzima. Mwongo haitwi kushika mtoto wa mtu. Nikaliona jembe la mama mkwe limeegemea mlango likinisubiri.

Nikamnyang'anya Aluoch furushi nikalikumbatia.

"Uso wa mtoto mchanga hauonyeshwi watu," nikasema.

"Sekunde moja tu, Auntie."

"Nilikufundisha nini? Si nilikufundisha? Mtoto hajamaliza wiki unamwanika kama sufuria za kuuza? Hata ukinipa Nairobi yote sitafungua!"

Akanyoosha mkono. Nikauchapa. Ulilia pa, kama chapati.

"Mwanangu hapigiwi kelele!" Ambrose akanguruma. Akamwachilia jogoo, akashika furushi upande mmoja. Mimi nikashika upande mwingine. "Shivachi! Njoo kwa baba!"

"Mwache Shivachi!" Aluoch akapaza sauti.

Akavuta. Nikavuta. Shivachi akapasuka.

Unga ulijaza chumba kizima. Hatukuonana kwa muda. Ulipotulia, Ambrose alikuwa amesimama katikati, mweupe kutoka kichwani hadi viatuni, kofia ya sufu mkononi, anaangalia ndani yake. Jogoo alipanda juu ya meza akapiga chafya.

"Mtoto yuko wapi?" Ambrose akauliza.

"Umemmwaga," Trizah akasema, akaanguka chini akicheka.

Aluoch aliangalia mikono yake. Nilidhani ataninyang'anya sukari. Akaanza kutikisika polepole, kutoka tumboni, kisha kwaya yote ikatikisika, wameshikana wasianguke. "Na nikamwombea awe mhasibu!" akasema. Christine alikuwa anabonyeza simu azime, lakini macho yalijaa unga, hakuona pa kubonyeza. Watu wa Kawangware walimwona Ambrose akiinama kukusanya unga na vidole, akimwita baba yake.

Wageni wakija kuona mtoto hawaondoki na njaa. Unga tuliouokoa kwenye shali tuliuchekecha, tukasonga ugali. Jogoo alikuwa ameletwa kwa ajili ya jina, basi tukamchinja kwa ajili ya jina. Christine aliondoka bila kuaga. Ambrose alibaki. Alikataa kula mara ya kwanza, akasema hawezi kumla mwanawe. Harufu ya jogoo ilipopanda akamla mara mbili.

Mimi sikula vizuri. Nilijua nimekwisha. Usiku nilikunja nguo zangu, nikauliza gari la Kakamega linaondoka lini.

Asubuhi simu ililia. Mwanamke wa Soweto West, jina lake Adero, tumbo la miezi minane.

"Ni wewe ulimchapa yule dada mkono?" akauliza.

Nikajua matusi yanakuja. "Ni mimi."

"Kwa sababu ya uso wa unga?"

"Ndiyo."

"Mama mkwe wangu ameangalia hiyo video mara kumi. Anasema mtu anayefichia unga uso hivyo, mtoto mwenyewe atamfichaje? Mimi na yule wa Kawangware naogopa, atanipiga picha kabla sijafunga miguu. Utakuja?"

Nilienda siku hiyo hiyo, na leso mpya. Baada yake akaja Nasambu wa hapa Raila, kisha dada yake, kisha wawili kutoka Kawangware kwenyewe, wakipita mlango wa Christine. Kila mmoja, kabla ya kuuliza kitu kingine, anauliza kama sitampiga mtoto picha. Trizah anaposti mikono yangu tu, na sufuria ya uji. Nguo nimezikunjua. Shamba la Kakamega litafute mtu mwingine.

Ambrose huko Kawangware wanamwita Baba Unga, hata watoto. Godoro bado hajarudisha.