Kilima Kilichogeuza Milango

Nilitoka Voi kwenda kutafuta kaburi la mtu nisiyemjua. Moraa, rafiki yangu wa chuoni ambaye sasa anafundisha jiografia mjini Kisii, alikuwa amepata nakala ya ramani iliyochorwa kabla ya uhuru, yenye kilima kimoja cha upande wa Magwagwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiilinganisha na picha za setilaiti, aone watu wa kilima kile walivyohama, walivyogawana ardhi na walichopanda, apate kuchora ramani mpya. Ndipo mkulima mmoja wa huko, Mzee Nyakundi, akamwomba jambo lisilokuwa kwenye utafiti wake. Alitaka kujenga nyumba mpya. Fundi angechimba msingi Jumapili. Mahali fulani kwenye shamba hilo alikuwa amezikwa bibi yake, mama wa baba yake, bila jiwe wala saruji, na aliyemwona akizikwa hayupo tena. "Njoo unishikie ncha ya utepe," Moraa aliniandikia.

Alhamisi jioni, Kisii. Mvua ilikuwa imesimama lakini mabati yaliendelea kudondosha maji. Moraa alitandaza ramani mezani na kuikandamiza pembeni kwa maparachichi manne. Nyumba zilikuwa nukta nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha, zimetawanyika katikati ya mteremko. Juu mgongoni hapakuwa na kitu. Chini, kando ya mto, ulipita mstari wa kukatikakatika.

"Njia ya miguu," Moraa alisema, kisha kidole chake kikarudi kwenye nukta moja. "Na hii ndiyo nyumba ya bibi yake Nyakundi."

Ijumaa, saa tatu asubuhi, tuliipita Nyamira. Sisi tuliozoea nyika, ambako jicho hukimbia mpaka lichoke, kule jicho halipati pa kukimbilia. Kila kilima kinasimama mbele ya kingine, kijani juu ya kijani. Mashamba ni membamba mno. Kila moja huanzia barabarani, juu mgongoni, na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni: nyumba, kisha chai, kisha migomba, kisha majani ya ng'ombe, kisha maji. Baba akigawa, hugawa kwa urefu, ili kila mwana apate kipande cha barabara na kipande cha mto. Wajukuu wakigawiwa, utepe wa ardhi huzidi kuwa mwembamba.

Saa sita tulifika. Nyakundi, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, alitupokea akiwa na kofia mkononi. Mkewe, Bosibori, alitushika mikono miwili miwili.

"Mwalimu, umekuja na mgeni mwembamba hivi? Huko kwao hakuna ndizi?"

"Kuna jua," nilisema.

"Jua haliliwi. Kaa."

Baada ya chakula tulipima. Tulianzia pale vijito viwili vinapokutana, mahali ambapo hapajahama tangu ramani ichorwe, tukapanda na utepe. Nukta iliangukia kwenye kiinuko kidogo ambacho mahindi yake yalikuwa ya kijani kizito kuliko mengine, kama yanayoota penye samadi ya kale. Nyakundi akapiga makofi.

"Hapo hapo! Baba alikuwa anasema nyumba ya mama yake ilikuwa hapa."

Lililobaki yeye mwenyewe alilijua. Kwao, ukisimama mlangoni ukitazama nje, mwanamume huzikwa upande wa kulia na mwanamke upande wa kushoto. Alisimama juu ya kiinuko akitazama barabara, kama zinavyoitazama nyumba zote za kilima, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea magharibi, kwenye chai yake.

"Magokoro yuko huku," alisema. Ndivyo wanavyomwita bibi. "Basi nyumba itakaa mashariki, mbali na yeye."

Tukapigilia vigingi mashariki. Jua lilipoanza kushuka Bosibori alikusanya majembe yote akayafungia stooni. Sabato ilikuwa inaingia.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kanisani, ng'ambo ya mto. Nyakundi alikuwa ametangulia; sisi watatu tuliteremka shamba lote mpaka chini, tukashika kijia chembamba kando ya maji, kimefunikwa nusu na nyasi. Nikauliza kwa nini hatukupita barabarani.

"Barabara ni ya juzi," Bosibori alisema, ameshika viatu vyake vizuri mkononi. "Mama mkwe alikuwa ananiambia, hiyo ya juu ililetwa na lori la majani chai. Kwanza watu walikuwa wanapita hapa. Mgeni anatoka huku chini, unamwona ukiwa mlangoni."

Moraa alisimama katikati ya kijia. Alianza kufungua mkoba.

"Mwalimu, wacha ramani ipumzike leo."

"Mama, sihitaji kuifungua." Aligeuka kukitazama kilima. "Juu hakukuwa na barabara. Mlango wa magokoro ulikuwa unaangalia huku."

Bosibori naye akageuka. Alinyoosha mkono wa kushoto polepole, akitazama mtoni. Ulielekea mashariki, kwenye vigingi vyetu.

Hatukusikia mengi ya mahubiri.

Jua lilipozama ndipo Moraa na Bosibori walipomwambia Nyakundi. Sasa nyumba ingebidi ihamie magharibi. Huko kulikuwa na chai aliyoipanda mwenyewe alipooa, na ndiyo iliyokuwa ikimpa mapato ya kila mwezi.

"Hiyo ni kukisia tu," alisema. "Fundi anakuja saa moja."

"Baba Nyaboke, wewe jenga," Bosibori alimjibu mumewe. "Lakini mimi sitalala juu ya kifua cha magokoro. Utalala peke yako na mabati yako mapya."

Jumapili, saa moja, fundi Ombati alifika na sululu begani. Alipoelezwa, alikuna kichwa.

"Mzee, mimi ni wa kuchimba. Mambo ya kushoto na kulia sina. Lakini tukwangue juu tu, kiganja kimoja, tuone udongo unasema nini."

Alikwangua ndani ya vigingi, taratibu, kama anayeparua samaki. Udongo mweusi ulitoka, chini yake ukatokea mwekundu, mgumu, wa rangi moja. Kisha, karibu na kona, ule mwekundu ukabadilika. Palikuwa na sehemu yenye mabaka meusi na mekundu, udongo uliowahi kufukuliwa ukarudishwa, urefu wa mtu, kingo zake zimenyooka. Ombati aliweka sululu chini. Hakuna aliyemwambia aache.

Nyakundi alivua kofia. Alipiga magoti akarudisha udongo kwa mikono, akakataa kusaidiwa. Alipoinuka magoti yake yalikuwa mekundu.

"Ng'oa vigingi," alimwambia Ombati. "Twende upande wa chai."

"Mistari mingapi, mzee?"

"Yote inayotosha nyumba."

Saa nane mchana tuliaga. Mashina ya kwanza ya chai yalikwisha lala kando, mizizi juu. Bosibori alitufungia ndizi mbivu nisizoweza kuzibeba. Nyakundi alitusindikiza hadi barabarani, akamnyooshea Moraa kidole.

"Mwalimu, hiyo ramani yako mpya. Usituwekee nukta peke yake. Andika mlango unaangalia wapi."

"Na wako utaangalia wapi?"

Alitazama lori la majani chai likipita, kisha akatazama chini, mtoni.

"Huko, kama wa magokoro," alisema. "Lakini nitaweka na mwingine nyuma. Hawa wa lori nao ni watu."

Njiani kurudi Kisii nilihesabu milango. Yote ilitazama barabara. Nilikuwa nimedhani kijiji hubadilika kwa kuongezeka nyumba na kupungua mashamba, mambo ambayo ramani huonyesha wazi. Hiki kilikuwa kimegeuka nyuma mbele, watu wakiwa palepale, na wafu wake wakabaki wakitazama upande wa zamani.