Mastaringi wa Dada Yangu

Dada yangu mkubwa anaishi Kihesa, Iringa. Mimi nipo Iyunga, Mbeya, mwalimu mstaafu wa madrasa. Kwa miaka mingi tulikutana kwenye misiba na sikukuu, tukaulizana afya, basi. Kosa lilikuwa langu, na nililijua.

Tulipokuwa vijana pale Iringa, baba akiuza vitambaa, dada alikuwa na daftari kubwa la kaunta. Humo alibandika picha za mastaringi wa sinema za zamani, za enzi ambazo sinema hazikuwa na rangi. Alizikata kwenye magazeti yaliyofungiwa mizigo ya baba, akazibandika kwa uji wa ngano. Chini ya kila picha aliandika wimbo wa staringi huyo, maneno ya Kihindi ambayo hakuyajua maana, kama alivyoyasikia kwa masikio yake.

Mimi nikarudi kutoka pwani, nilikopelekwa kusoma dini. Ndevu hazijanijaa, lakini nilikuwa na jibu la kila kitu. Nikalikuta daftari juu ya kitanda chake. Nikaenda uani alikokuwa anapika, nikaishusha sufuria yake ya wali, nikalitia daftari kwenye mkaa. Hakulia, wala hakunipigia kelele. Alisubiri moto ushuke, akarudisha sufuria yake. Baadaye akaniambia chakula tayari. Tangu siku ile, maneno yake kwangu hayakuwa marefu zaidi ya hayo.

Mwenyezi Mungu ana njia zake. Binti yangu aliponinunulia simu ya kupangusa, nikagundua kwamba wako watu mtandaoni, wengi wao wazee kama mimi, wanaowekeana picha za michoro waipendayo, nyimbo za santuri, na mastaringi wale wale. Siku moja nikakutana na sura niliyoiona ikijikunja kwenye moto. Nilikaa nayo muda mrefu. Nikaamua kumtafutia dada daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kadiri nilivyokumbuka.

Kila Ijumaa baada ya sala niliweka picha moja kwenye grupu la ukoo, na wimbo wake nikiupata. Watu walinitania. Mmoja aliuliza kama maalimu amefungua jumba la sinema na kama wajukuu wanaingia bure. Mwingine alitaka fatwa. Nilistahimili, maana nilimngoja mtu mmoja tu. Simu ilinionyesha kwamba kila picha dada ameiona. Hakuandika hata herufi.

Ijumaa moja nikampata yule wa ukurasa wa kwanza, mwanamke mwenye ushungi mwepesi na macho makubwa. Nilikuwa nimejifunza kuweka fremu, nikamchagulia nyeusi yenye maua pembeni, ikanikumbusha mabango ya mlangoni pa sinema. Chini nikaandika: "Leo ni dada yetu huyu. Alikuwa na sauti tamu. Mungu amrehemu." Nikaiacha simu kwenye chaja, nikaenda kumwagilia mchicha.

Katika grupu letu picha yenye fremu nyeusi huwekwa kwa jambo moja tu, na anayetangaza misiba ya ukoo ni mimi. Nani angemtilia shaka maalimu? Sijamaliza tuta la pili, mke wangu akaja bustanini analia, simu yangu mkononi. Grupu lilikuwa limejaa innalillahi. Binti wa binamu yetu alikuwa ameshapanda basi kutoka Usangu kwenda Kihesa.

Kabla sijaandika lolote, simu ikaita. Alikuwa dada.

"Maalimu, umenizika?"

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana. Akaniambia majirani wamefika kwake na mikeka, wamemkuta anapukuchua mahindi, na mmoja ameshakaa chini anamsaidia kupukuchua.

"Huyu mwanamke ni nani?" akauliza.

"Alikuwa ukurasa wako wa kwanza."

Nilisikia kuku wake.

"Na wote wamedhani ni mimi?"

"Wote."

"Hata wifi?"

"Hata yeye. Kasema ulikuwa mzuri sana ujanani."

Dada akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilisimama kwenye tope la mchicha nikiogopa kupumua. Nikaona nisipoyasema sasa sitayasema tena.

"Dada, lile daftari. Nilidhani namtetea Mungu. Kilikuwa kiburi changu tu. Nisamehe."

"Umechelewa," akasema. Kisha, taratibu zaidi: "Niliumia, mdogo wangu. Nisikudanganye. Lakini wa wiki iliyopita umemwekea wimbo wa mwenzake, na mimi nimevumilia wiki nzima. Waambie watu nipo hai. Na hilo kosa nalo uwaambie."

Nilikaa kwenye ukingo wa tuta nikaandika, nikitafuta herufi moja moja. Sijamaliza, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye grupu, kutoka Kihesa. Dada alikuwa anaimba. Sauti imechakaa na pumzi haitoshi, lakini yale maneno ya Kihindi alikuwa nayo yote, kama alivyoyaandika. Nyuma yake majirani walikuwa wanapiga makofi.

Yule binti wa binamu akauliza ndani ya basi afanye nini sasa. Dada akamjibu aendelee na safari, mahindi ya kupukuchua bado ni mengi. Mimi nikamwomba Mungu anisamehe furaha yangu siku ambayo nimetia watu wengi majonzi, nikatuma tangazo langu: dada yu hai, na wimbo sahihi wa wiki iliyopita ni huo anaouimba mwenyewe.