Fatiha kwa Askari wa Shaba

Usiku ule nililala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, wakasema hakuna tena la kufanya. Nililala nimemshika mkono, asije akaondoka bila kuniaga.

Nikamwona Bibi, mama yake mama, aliyefariki nikiwa msichana wa shule. Hakunisalimia. Alinivuta tu, na papo hapo tukawa katikati ya jiji, penye sanamu ya askari wa shaba aliyeelekeza bunduki bandarini. Jua kali, lakini hakuna gari wala mtu. Hapo ndipo mama alipokuwa akitupeleka kila Idi baada ya swala. Baba yake Bibi alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu asirudi, na kaburi hatuna, basi tulisimama chini ya sanamu tukasoma Fatiha. Mama alilipangusa jiwe kwa ncha ya kanga, akatuambia, "Msalimieni babu." Wapita njia walitucheka. Mimi nilijivuna kuwa na babu wa shaba.

"Mnamsomea nani hapa?" Bibi anauliza.

"Babu."

"Baba yangu hakupewa bunduki. Alipewa mzigo."

Nyuma ya sanamu wanatokea wanaume vifua wazi, ngata vichwani, masanduku ya risasi juu ya ngata. Wanazunguka, wanazunguka. Askari wa shaba ameshuka, anawaswaga kwa kitako cha bunduki. Huyo huyo niliyemwinamishia kichwa tangu utotoni! Wapagazi hawa hawana sanamu. Wametajwa kwenye jiwe lililo chini ya miguu yake, wanashukuriwa kwa lugha tatu, na jina la mtu halimo hata moja.

Hasira zinanipanda. "Bibi, mbona ulituficha?"

"Niliona haya. Wenzangu baba zao walikuwa na kofia na bunduki. Nikamwambia mama yako babu yake alikuwa askari."

Mpagazi mmoja anasimama mbele yangu. Ana macho ya mama, na shingo imedidimia mabegani.

"Nitue, mjukuu wangu."

Ninalishika sanduku, halitikisiki. Ninajaribu mpaka kucha zinatoka damu. Yeye analia, nami ninalia.

"Muite kwa jina," anasema Bibi. "Miaka yote mnaomba, hakuna aliyemtaja."

Sina jina. Sisi tulimwita Babu Askari tu. Ninampigia Bibi magoti anitajie yeye, naye anatikisa kichwa.

"Sisi huku hatutajani. Mama yako nilimtajia jina hilo akiwa mdogo. Muulize kabla hajaja huku."

Kitako cha bunduki kikashuka mgongoni mwa mzee yule, nami nikazinduka nikipiga kelele.

Mkono wa mama ulikuwa bado mkononi mwangu. Umepoa, lakini pumzi ipo. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, babu aliitwa nani? Baba yake Bibi. Jina lake hasa, mama, nakuomba."

Akafumbua macho. Midomo ilihangaika. Kisha akatabasamu kwa fahari ileile ya siku za Idi.

"Askari," akasema.

Nikamuuliza tena.